Nimesamehe, mbona bado inauma?

SWALI: Dada yangu alitumia akiba tuliyomwekea mama kwa matibabu. Ameomba radhi, nami nikamwambia nimemsamehe. Lakini nikisikia sauti yake kwenye simu, moyo unachafuka. Je, mimi ni mnafiki mbele za Mungu?

JIBU: Hapana, mpendwa. Mimi nilimsamehe kaka yangu kwa kinywa, kisha kwa miezi mingi nikawa naliruka jina lake katika sala, nikilifikia, nasema “na wengine wote.” Siku nilipolitamka nililia, na kesho yake ikanibidi nianze upya. Petro alipouliza kama mara saba zatosha, Yesu alimjibu saba mara sabini (Mathayo 18:22). Naamini wakati mwingine ni kosa lile lile moja, linalorudi kila asubuhi.

Mtazame Yusufu, aliyeuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha. Walipokuja kutafuta nafaka alijitenga akalia, tena akawapima kwanza kabla ya kujitambulisha. Kwa hiyo akiba ya mama ishikwe na mwingine kwa sasa. Hicho si kinyongo. Na usiku huu mtaje dada yako kwa jina, hata sauti ikikukwama.