Kufuta faili moja hakujasafisha seva

Vijana wa zamu, kila wiki ni yaleyale. Tovuti ya mteja inapeleka wageni kwenye kurasa za kamari, mnaendesha skana, mnafuta faili moja ya PHP, mnafunga tiketi. Keshokutwa tiketi imefunguka tena, na mteja hana hamu na salamu zenu.

1. Msifute kwanza. Nakilini faili zote, hifadhidata na logi pembeni, kisha angalieni muda. Someni ctime (saa ya badiliko la mwisho la faili, hata la ruhusa tu), si mtime (saa ya badiliko la mwisho la yaliyomo). Mdukuzi hutumia amri ya touch kurudisha mtime nyuma ili faili ya jana ionekane ya 2019, lakini ctime huandikwa na kerneli (kiini cha mfumo) na touch hairudishi nyuma:

find /home/mteja/public_html -name '*.php' -ctime -7

Hapa ndipo wengi mnaponiumiza roho: mnakimbilia chmod -R (kubadilisha ruhusa za folda nzima) kabla ya kusoma. Amri hiyo hubadilisha ctime ya kila faili inayoigusa, hata kama ruhusa zilikuwa sawa, na alama za mwizi zimekwisha kufagiliwa.

Mkishapata muda, nendeni kwenye logi ya seva ya wavuti mtafute POST (maombi yanayopeleka data kwenye seva) za dakika hiyo. POST kwenda faili ya .php ndani ya wp-content/uploads ya WordPress haina kisingizio; folda ile ni ya picha. Ifuateni IP hiyo kurudi nyuma mpaka ombi lake la kwanza, na mara nyingi mtaikuta plagini (programu ya nyongeza) yenye tundu la usalama.

Halafu maficho. Kagueni crontab -l -u mteja (orodha ya kroni, yaani kazi zinazojiendesha kwa ratiba), maana mstari mmoja wa kroni unaweza kushusha faili ileile upya kila dakika. Tazameni folda ya mu-plugins, ambayo WordPress huipakia yenyewe na haina kitufe cha kuizima. Angalieni faili za .htaccess (mipangilio ya seva) za folda za ndani, watumiaji wapya wenye uadmini, na authorized_keys (funguo za kuingia kwa SSH). Na ps -u mteja (orodha ya michakato inayoendeshwa), tafadhali: mchakato wa PHP uliobaki kwenye kumbukumbu utaandika upya index.php mkiwa bado mnaitazama. Uueni huo kwanza, ondoeni kroni, ndipo mguse faili. Mpangilio huu ukigeuzwa, mtafuta mpaka alfajiri. Mwisho endesheni wp core verify-checksums, inayolinganisha faili za msingi za WordPress na zile rasmi, mkikumbuka kwamba haikagui themu wala plagini.

2. Nywila zote: hifadhidata, FTP, paneli, waadmini. Badilisheni na funguo za siri ndani ya wp-config.php ili kila aliyeingia atolewe.

3. Ruhusa: folda 755, faili 644, wp-config.php 600 kama PHP inaendeshwa kwa jina la mteja. Zuieni PHP ndani ya uploads. 777 (kila mtu kuandika) sitaki kuiona.

4. Viraka (masasisho ya kuziba matundu) havingoji Jumatatu. Drupal, mfumo wa tovuti kama WordPress, ilitangaza tundu la SQL (lugha ya hifadhidata) tarehe 15 Oktoba 2014. Wiki mbili baadaye timu yake ya usalama ikawaambia wenye Drupal 7 wahesabu kwamba wamekwisha kuvamiwa, isipokuwa waliobandika kiraka ndani ya saa 7 tangu tangazo.

5. Bekapu ikae nje ya seva, na mjaribu kuirejesha. Chagueni ya kabla ya ombi lile la kwanza kwenye logi; ya baadaye inamrudisha mwizi ndani pamoja na faili zake. Na ile plagini isasishwe kabla tovuti haijafunguliwa.