Re: Printa inagoma baada ya kuweka Windows 11

Printa haijafa, ndugu. CD yake unayosema inakataa ni ya zama za biti 32 (aina ya zamani ya mfumo wa kompyuta), na Windows 11 ipo ya biti 64 tu, aina mpya zaidi. Draiva iliyomo (programu inayoiwezesha kompyuta kuendesha printa) haitaingia hata ujaribu mara kumi. Hizo alama za ajabu unazosema zinatoka kwenye karatasi zinatokana na draiva isiyo yake, ambayo Windows ilijiwekea ulipochomeka waya wa USB mapema.

Chomoa USB. Futa printa kwenye mipangilio, washa upya kompyuta. Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika printui /s /t2 ubonyeze Enter, kisha kwenye orodha ya draiva itakayofunguka ondoa ya printa hiyo pamoja na kifurushi chake (mafaili yake ya usakinishaji). Pakua draiva ya biti 64 kwenye tovuti ya mtengenezaji wa printa, isakinishe, chomeka waya itakapokuomba, si kabla.