Hatumii ARV, virusi havionekani: ni urithi?

Swali: Shemeji ana VVU, hajawahi kumeza ARV, lakini kipimo cha wingi wa virusi hakioni kitu. Ni damu ya ukoo?

Jibu: Huenda. Wa namna yake hawafiki 1 kwa 100: virusi hubaki chini ya nakala 50 kwa mililita. Jeni inayoonekana sana kwao ni HLA-B*57. Kwa Waafrika, hasa aina yake iitwayo B*57:03. Protini yake huanika vipande vya ganda la ndani la kirusi juu ya seli iliyoambukizwa, seli za kinga ziitwazo CD8 zikaiua. Kirusi kikijibadilisha pale ili kikwepe, mara nyingi huzaana kwa shida. Hata hivyo wapo wenye B*57 wanaougua kama wengine. Kwanza arudie kipimo cha VVU chenyewe. Kisha aanze ARV, maana CD4 (seli za kinga ambazo VVU hushambulia) zinaweza kushuka hata virusi visipoonekana.