Nundu ya mti: ichimbe ikiwa mbichi

Mkaratusi au mvokado ukiangushwa kwenye kiwanja hapa Bukavu, shina linaishia kuni au makala, nundu, ule uvimbe mgumu ulioota kwenye shina, inatupwa pembeni. Shoka haiipasui, maana nyuzi zake zimejisokota kila upande. Ugumu huohuo ndio unaoifanya ifae chungu cha mapambo. Waombe wakataji kabla hawajaondoka. Usiikate kwenye mti ulio hai, kwa sababu kidonda kile hupitisha kuvu hadi ndani ya shina. Miti ya Kahuzi-Biega usiiguse kabisa, ile ni mbuga.

Nyuma ya nundu acha unene wa sm 3 wa shina ili jiriwa ipate pa kushika, lakini kiini cha shina kisibaki, maana nyufa hupenda kuanzia hapo. Siku hiyohiyo paka nta ya mshumaa mahali palipokatwa. Iyeyushie kwenye kopo lililokaa ndani ya maji ya moto, si juu ya moto wenyewe.

Wengi huharibu kazi kwa kungoja nundu ikauke nzima. Nje hukauka na kutaka kusinyaa, ndani bado pamejaa maji na hapasogei, basi nje panapasuka. Toa tumbo lake ikiwa mbichi. Funga utepe kwenye ncha ya keekee kuonyesha kina, ukiacha sm 2 za kitako, kisha toboa mashimo yaliyokaribiana na umalizie kwa patasi iliyopinda. Ukuta uwe sehemu ya kumi ya upana: nundu ya sm 20, ukuta wa sm 2. Bana ukuta kati ya kidole gumba na cha shahada, uzunguke polepole. Mkono utahisi panapozidi. Usipite hapo hivihivi, kwani pale penye unene hukauka mwisho na kuuvuta ukuta mwembamba ulio jirani.

Patasi iwe kali na ikate kidogokidogo. Ikianza kung'oa vipande badala ya kukata, nyuzi zimegeuka: njoo kutoka upande wa pili.

Kisha jaza chungu maranda makavu, ukitie katika mfuko wa saruji wa karatasi uliokung'utwa vizuri, ukiweke sakafuni mbali na babula, lile jiko la makala. Mfuko wa plastiki huleta ukungu. Kipime kila wiki na uandike uzito. Usipobadilika wiki tatu mfululizo, kimekauka. Masika ya Bukavu, kuanzia mwezi wa tisa hadi wa tano, yatakuchelewesha, vumilia. Lubumbashi shida ni kinyume: kiangazi cha kule hukausha haraka mno, hivyo tumia mifuko miwili, mmoja ndani ya mwingine.

Kikikauka kitakuwa kimepinda kidogo, na hilo ni zuri. Punguza ukuta hadi sm 1, halafu msasa: namba 80, 120, 180, 240, 320. Ukiruka namba moja, mikwaruzo ya ile ya kwanza itaonekana mara tu mafuta yakigusa mbao. Funika pua na mdomo, vumbi hili hukera mapafu. Vitundu penye magome yaliyonaswa ndani ya mbao vijaze unga mkavu wa kahawa, udondoshee gundi nyepesi inayokauka mara moja, kisha usugue. Hubaki madoa meusi yanayopendeza kuliko ufa.

Mawese na mafuta ya kupikia hayakauki. Chungu kitanata na kunuka. Tumia mafuta ya kitani: paka kwa kitambaa, ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, acha siku nzima, rudia mara tatu. Kitambaa hicho usikikunje na kukitupa, kwani hujipasha joto chenyewe hadi kuwaka. Kiloweke kwenye maji au kitandaze nje. Mwisho, nta ya nyuki kidogo na kusugua kwa nguvu.

Maji usitie ndani. Kwa maua mabichi, tumbukiza chupa fupi humo, shingo yake ifichike chini ya mdomo wa chungu.