Ukisoma habari za kompyuta za kwanta za ayoni, usianze na idadi

Wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Mtwara huniletea idadi ya kyubiti (vipashio vya taarifa vya kompyuta ya kwanta, ambavyo hapa ni ayoni, yaani atomu zenye chaji) waliyoisoma kwenye simu, wakitaka niwaambie ni mashine ipi inayoongoza. Huwashauri waiweke kando kwanza, waulize ayoni hizo zimeshikwaje na zinawasilianaje, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wa kuzikuza mashine hizi.

Anza na fizikia uliyo nayo. Uga wa umeme usiobadilika hauwezi peke yake kuituliza chaji mahali pamoja, ndiyo maana mtego wa Wolfgang Paul, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1989, hutumia uga unaogeukageuka kwa kasi kubwa. Ndani yake ayoni husukumana na kujipanga mstari, na msukumano huohuo huziunganisha: leza ikiitikisa moja, nyingine nazo hutikisika. Mwaka 1995 wanafizikia Ignacio Cirac na Peter Zoller walipendekeza mtikisiko huo utumike kubeba taarifa. Tatizo ni kwamba kila ayoni inayoongezwa huleta namna mpya za kutikisika, ambazo masafa yake hukaribiana hadi inakuwa vigumu kuichagua moja bila kuzichokoza zilizo jirani. Darasani hulionesha hili kwa korosho ghafi nilizozifunga mfululizo kwa vipande vya mpira. Zikizidi nne, hakuna anayeweza kufuatilia ipi inafanya nini.

Kwa hiyo mwaka 2002 wanafizikia Kielpinski, Monroe na Wineland walipendekeza mtego wenye vyumba vingi vidogo, ayoni zikihamishwa kwa kubadilisha volti za elektrodi. Mashine ya kampuni ya Quantinuum iliyofikia ayoni 56 mwaka 2024 imefuata njia hiyo. Safari hizo, hata hivyo, huongeza mtikisiko, na kuzipoza ayoni upya hula muda mwingi. Njia nyingine ni kuunganisha mitego kwa fotoni, yaani chembe za mwanga. Mwaka 2025 watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford waliunganisha miwili iliyotengana kwa takriban mita 2, ingawa fotoni nyingi hupotea njiani na jaribio hurudiwa mara nyingi.

Kwa maoni yangu, swali lisilosisimua ndilo zito zaidi: nyaya na miale ya leza ya maelfu ya ayoni itapitishwa wapi? Ukishalipatia jibu, tafuta kiwango cha makosa. Operesheni ya ayoni mbili (hatua moja ya hesabu inayozihusisha zote mbili) inayofaulu kwa asilimia 99.9, ikirudiwa mara 1,000 bila kusahihishwa, huacha uwezekano wa takriban asilimia 37 tu wa kumaliza bila kosa.