Taa ya ABS imewaka, fundi kasema nichomoe fyuzi tu: nichomoe?

SWALI: Fundi shikamoo. Naendesha Toyota Noah ya abiria hapa Mafinga, siku nyingine naingia vijijini rafu rodi, siku nyingine nashuka mlima Kitonga mpaka Moro. Wiki hii taa ya ABS imewaka haizimi. Fundi wa mtaani kwetu anasema nisihangaike, nichomoe fyuzi yake niendelee na kazi, maana ABS inafanya gari isishike kwenye changarawe na dereva mzoefu anapampu breki mwenyewe, yani anakanyaga na kuachia haraka haraka, mbona hata mbio za magari za Formula 1 hawatumii ABS. Mimi barabarani ni wa siku nyingi. Nichomoe?

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Usichomoe. Ila huyo fundi sio kwamba kaongea uongo mtupu, kuna kitu kimoja yuko sahihi kabisa na nitakifikia, shida kachukua ukweli wa barabara moja akaupeleka kwenye barabara zote.

Kwanza tuelewane ABS, ule mfumo wa breki unaozuia tairi kuloki (kugoma kuzunguka gari ikiwa bado inakwenda), inafanya nini, maana madereva wengi wanaamini imewekwa ili gari isimame karibu. Kazi yake kubwa ni kukuachia usukani. Tairi likiloki linaserereka tu, na tairi linaloserereka halina kona, ukate stelingi kushoto ukate kulia gari inaendelea kule kule ilikokuwa inaelekea. ABS ina sensa kwenye kila tairi, ikiona tairi moja linataka kusimama wakati mengine bado yanazunguka inalilegezea breki hilo hilo moja alafu inalibana tena, na hiyo inafanyika mara kumi au zaidi kwa sekunde moja, ndo ule mtetemo na ile kelele ya grrr unayoisikia mguuni. Wengi wakisikia ule mtetemo wanashtuka wanaachia pedali wakidhani breki imekufa, na hapo ndo wanagonga. Ukiusikia kanyaga mpaka chini, usiachie, macho na usukani vielekee pale penye nafasi ya kupita.

Sasa hoja ya kupampu. Dereva mzuri kweli, kwenye lami kavu, barabara imenyooka, anajua kabisa kwamba anaenda kufunga breki, anaweza kuibana breki mpaka pale pale kabla tairi halijaloki akasimama sawa na ABS, pengine akaizidi kidogo. Hilo silikatai. Lakini angalia masharti niliyoyataja: lami kavu, imenyooka, anajua. Ng'ombe akikatiza hakupi taarifa. Alafu wewe una pedali moja na matairi manne. Chukua hali ambayo kwenu huko ipo kila siku, umepishana na lori barabara nyembamba, matairi ya kushoto yameshuka kwenye kingo ya mchanga, ya kulia yako kwenye lami, ukafunga breki ghafla. Upande wa lami unashika, upande wa mchanga unateleza, gari inageuka kuelekea upande unaoshika, yani inageukia kwenye njia ya wanaokuja. Hakuna mguu wa binadamu unaoweza kulegeza tairi mbili za kushoto na kubana mbili za kulia kwa wakati mmoja. Huo ndo ujuzi ambao dereva hana na hatakuwa nao hata aendeshe miaka 40.

Na Formula 1, wale hawakuikataa wenyewe, sheria za mashindano zilizuia ABS kuanzia msimu wa 1994 pamoja na misaada mingine ya kielektroniki ili dereva ndo aonekane. Na ukiangalia mbio zao utaona moshi mweupe kwenye tairi za mbele wanapoingia kona, pale tairi limeloki. Hao ni madereva bora duniani, barabara wanaijua kila inchi, na bado wanaloki. Mimi na wewe na Noah yenye abiria tutakuwaje?

Haya, pale ambapo fundi wako yuko sahihi. Changarawe iliyolegea, mchanga mwingi, vumbi zito. Hapo tairi likiloki linachimba na kusukuma kifusi mbele yake, na kile kifusi ndo kinasimamisha gari. ABS hairuhusu tairi liloki kwahiyo kifusi hakijengeki, gari inaenda mbele zaidi. Wamarekani wa NHTSA, ile mamlaka yao ya usalama barabarani, walipima hili miaka ya 90 na gari zenye ABS zilienda mbali zaidi kwenye changarawe kwa wastani wa zaidi ya robo ya umbali, wakati kwenye lami nyingi ilikuwa sawa au pungufu. Robo sio kitu kidogo. Na kuna ile barabara ya vumbi iliyojikunja mawimbi mawimbi, tairi linarukaruka, likiwa hewani likiguswa na breki linaloki hapo hapo, kompyuta inadhani kuna utelezi inalegeza, dereva anahisi kama gari imekataa kusimama. Ndo maana Land Cruiser za kisasa zimewekewa ABS inayobadilisha tabia kulingana na ardhi. Noah haina hiyo, kwahiyo kwenye rafu rodi dawa yako ni spidi na nafasi: punguza mapema, breki anza kushika mbali, usimfuate mwenzio kwenye vumbi lake.

Tope la utelezi la masika huko kwenu, ule udongo mwekundu juu ukiwa umelowa na chini mgumu, ni jambo jingine. Hapo hakuna kifusi cha kukusaidia. Ukiloki gari inafuata mwinamo wa barabara inaingia mtaroni, ukiwa na ABS angalau unaweza kuielekeza. Ila msuguano wenyewe ni mdogo, ukiingia na 60 hakuna kifaa wala mguu utakaokuokoa.

Nikupe hesabu uone ujuzi uko wapi hasa. Ukiwa 80 kwa saa unatembea mita 22 kila sekunde. Kwenye lami kavu na matairi mazima breki zenyewe zinahitaji kama mita 35, lami ikilowa inaweza kufika 60, na hapo sijahesabu ile sekunde moja au moja na nusu kabla mguu haujagusa pedali. Ukipanda kutoka 80 kwenda 100 umbali wa breki peke yake unaongezeka kwa zaidi ya nusu. Hakuna ABS inayorudisha hizo mita, na matairi kipara ndo kabisaa. Ujerumani waliwahi kufuatilia teksi za Munich, nyingine zina ABS nyingine hazina, zile zenye ABS hazikupata ajali chache zaidi kwasababu madereva walianza kukimbiza na kusogelea wenzao. Hilo linaniuma sana mimi, kifaa kizuri kinaliwa chote na mguu wa kulia.

Kitonga nayo usiichanganye na haya. Kuteremka pale hatari ni breki kuchemka mpaka zinakosa nguvu, ABS haihusiki kabisa. Shusha gia mapema juu kabla hujaanza kuteremka, ata kama ni otomatiki weka 2 au L, injini ikushikilie.

Turudi kwenye fyuzi. Toyota nyingi za kuanzia miaka ya 2000, kompyuta ya ABS ndo hiyo hiyo inagawa nguvu ya breki kati ya mbele na nyuma. Ukichomoa fyuzi unaua vyote viwili, ukifunga breki kwa nguvu gari ikiwa tupu nyuma, matairi ya nyuma yanaweza kuloki kabla ya mbele, na gari ikiloki nyuma kwanza inageuka mkia mbele. Ikiwaka taa ya njano ya ABS peke yake breki za kawaida bado unazo, endesha taratibu mpaka gereji. Ikiwaka na ile nyekundu ya breki pamoja, simama, angalia mafuta ya breki, usipakie mtu.

Mara nyingi ubovu wenyewe ni mdogo. Nikiletewa Noah namna hii naanza na waya wa sensa karibu na tairi, unakatika kwa kupigwa na mawe, alafu sensa yenyewe imeshika tope na unga wa chuma. Na nitakuuliza swali: umebadilisha beringi ya tairi hivi karibuni? Kuna beringi zenye sumaku upande mmoja ambayo sensa inaisoma, fundi akiifunga kinyume taa inawaka hapo hapo na watu wanaishia kununua kompyuta bure. Tairi moja la saizi tofauti nalo linaichanganya. Apimwe kwa mashine kwanza, itakwambia ni tairi lipi, ndo mfungue.

Ikishatengenezwa tafuta kipande cha barabara kitupu chenye changarawe, gari bila abiria, 40 kwa saa, kanyaga mpaka chini ushike hivo hivo huku unakata usukani taratibu. Alafu rudia kwenye lami iliyolowa. Pima kwa hatua ilisimama wapi kila mahali.