Masanga inakushinda? Anza na gumba

Ndugu yangu wa Jinja, unauliza kwa nini "Masanga", kibao cha gitaa cha Jean Bosco Mwenda, inakushinda ilhali nyimbo za kanisani unazipiga vizuri. Usikate tamaa, hata mimi hapa Kampala ilinichukua miezi. Mwenda, aliyerekodiwa Kongo mwaka 1952, alitumia vidole viwili tu vya mkono wa kulia: gumba linashika besi, cha shahada kinaimba. Naamini shida yako iko kwenye gumba. Lizoeze peke yake, polepole, ukigonga mguu sakafuni, mpaka uweze kuongea na mtu bila mapigo kuyumba. Ndipo uongeze sauti ya juu, noti mbilimbili. Na nyuzi zikiwa zimeshika kutu, zibadilishe kwanza. Zinaumiza vidole bure.